Magonjwa Ni Mawili

Bweni la Wasichana,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tazama nani yuko karibu nawe. Kama katekista amekuletea barua hii na bado amesimama mlangoni akitaka kukusomea habari za Dar es Salaam, mpe togwa anywe, mshukuru, mwache aende zake. Kisha kaa peke yako. Barua zangu zote za miaka iliyopita alikusomea yeye, kwa sauti ileile anayosomea Injili, majirani wakisikiliza na kucheka pasipochekesha. Hii soma mwenyewe. Nimeandika kwa herufi zilizoachana, kama mwalimu wenu wa kisomo cha watu wazima anavyoandika ubaoni. Ukikwama, pumzika, kisha rudi mwanzo wa mstari. Hakuna anayekukimbiza.

Hamjambo hapo Mollo? Najua mwezi huu baridi inawakata masikio, na asubuhi majani yote ni meupe. Huku hata blanketi sijui nimeliweka wapi. Ulezi umeshaingia ghalani? Jino lako je? Na ndugu yangu Deusi, bado anajipima miguu kila asubuhi kwa kuruka mfereji? Kwake nina habari njema, nitaifikia.

Sisi huku tupo. Najua ulimtarajia Baba wiki mbili zilizopita na ukaona lori la Mzee Salumu limefika bila yeye. Nisamehe kwa kimya changu. Nilitaka kuwa na jambo la hakika kabla ya kushika kalamu. Yu hai, anakula, anaulalamikia wali kuwa haushibishi. Lakini amelazwa, na madaktari wanataka kumpasua. Yeye hajakubali wala hajakataa. Amesema neno la kwanza ni lako. Kwa hiyo nakueleza yote, na ukimaliza utajua ni nini unachoulizwa.

Baba na binamu yake walifika salama. Mzee Salumu alimweka kiti cha mbele karibu na dereva mpaka Tunduma, akawashusha watu wawili waliokuwa wamelipia kiti hicho. Mwambie ahsante kwa niaba yangu. Mwanamume yule ana moyo. Kwenye treni binamu alimsaidia kupanda na kushuka. Nilipowapokea stesheni, Baba alikuwa amevaa koti lake zito la Sumbawanga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nilimwambia alivue. Akasema, "Joto si ugonjwa." Wewe unajua kwa nini halivui. Mimi pia najua, tangu nikiwa darasa la tano, lakini katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo, kwamba kifua chake kimejaa kama cha mwanamke anayenyonyesha.

Siku ya tatu nilimpeleka kwa mwalimu wetu wa magonjwa ya neva hapa chuo cha udaktari. Ni mtu mfupi, mwenye maneno machache, na ana subira ya mvuvi wa ndoano. Alimwambia Baba atoe ulimi. Ulimi ukawa unachezacheza wenyewe, kama ngozi ya ng'ombe inavyotikisika ikimfukuza nzi. Akamwambia anyanyuke kitini bila kushika kitu. Baba akajaribu mara tatu, hakuweza. Akampa kikombe akishike, mkono ukatetemeka. Halafu akaweka kalamu chini na kuuliza habari za ukoo.

Hapo Baba alizungumza, Mama. Alimtaja mjomba wake wa kijiji cha Kate, yule aliyemalizia uzee wake akitambaa. Alimtaja mwingine aliyebebwa kanisani kwa machela kila Pasaka. Alitaja mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa akikwaa hata palipo tambarare. Alieleza kwamba watu walisema nyumba ile ilivunja mwiko wa tanuru la kuyeyushia chuma enzi za mababu, na laana ikaingia miguuni. Mwalimu hakucheka. Alichora mistari kwenye karatasi, wanaume miraba, wanawake duara, akaipaka wino miraba ya wagonjwa. Akanigeuzia karatasi, akisubiri nione mwenyewe.

Niliona. Wagonjwa wote ni wanaume, na wote wameupata kupitia mama zao. Wanawake wanaubeba bila kuugua. Baba aliupata kwa bibi, na bibi hakuwa na kosa lolote, kama vile mtu hana kosa la kuzaliwa na pua ya baba yake. Ni mishipa inayopeleka amri ya ubongo kwenye misuli. Inakufa polepole, na misuli inakonda kwa kukosa amri. Hata kile kifua ni sehemu ya ugonjwa huohuo. Hakuna mtu aliyemroga. Wale waliosema kisimani kwamba wewe ndiye uliyemla miguu, sasa una jibu lao, ukitaka kulitumia. Nadhani hutalitumia.

Na baba mwenye ugonjwa huu hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume. Soma tena mstari huo, Mama, kisha mwite Deusi umsomee kwa mdomo wako. Mwambie aache kuruka mfereji. Aende kwa wazazi wa yule binti aliyemwacha akisubiri mwaka mzima.

Kwangu mimi ni tofauti. Mabinti wote wa mgonjwa wanaubeba, basi nami ninaubeba. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Sijalia. Siku nikizaa mtoto wa kiume akawa anakwaa, nitajua ni nini, naye hatapewa jina la laana. Tuliache hapo. Leo si siku yangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Siku ileile mwalimu alimwuliza Baba kuhusu mkojo. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikimshikilia bega, maana mimi ndiye niliyekuwa nikijaza maelezo yake pale alipochoka. Baba alitazama viatu vyangu, akasema, "Hakuna shida." Mwalimu akaandika hakuna shida. Mimi ninayesomeshwa kwa jasho la kijiji kizima, nilisimama pale nisijue kwamba mwanamume wa Ufipa hawezi kutaja mkojo wake mbele ya binti yake. Nilijua, ila nilisahau kwamba mimi ni binti. Nilidhani koti jeupe limenibadilisha. Na zaidi ya hapo, wewe uliniambia. Krismasi, tukipepeta ulezi, ulisema, "Skola, baba yako ana kitu kingine. Kinamshika kiunoni." Nami nikakujibu, bila hata kuacha kupepeta, "Mama, ni ugonjwa uleule wa miguu." Nilikujibu kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. Ukaendelea kupepeta. Nilidhani umeelewa.

Basi tukapewa fimbo mbili za kutembelea na vidonge vya kutia nguvu, tukaambiwa ugonjwa wa namna hiyo hauna dawa, arudi nyumbani. Nilikata tiketi ya treni. Asubuhi ya safari, mizigo imeshafungwa, Baba akaingiza mkono ndani ya koti akatoa bahasha iliyobandikwa kwa ugali.

"Hii imetoka kwa mama yako."

"Baba, umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Mollo."

"Siku kumi na moja?"

"Niliahidi kuifikisha. Siku hatukupatana."

Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa upya; alikuwa ameisoma. Angeweza kuichana, nisingejua kamwe. Lakini unamfahamu. Alichokiahidi anakitimiza, hata akikitimiza kwa kuchelewa kusudi.

Mama, sijawahi kupata barua kutoka kwako. Nina miaka ishirini na mitatu na ile ilikuwa ya kwanza. Penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka nyuma ya karatasi unaweza kuzipapasa herufi. Naijua kwa moyo: "Skola. Baba yako anaamka usiku anakojoa kidogo kidogo. Mara moja ilikuwa damu. Kiuno kinamuuma hata akilala. Miguu ni ya zamani. Hii ni mpya. Magonjwa ni mawili. Ni mimi mama yako."

Nimesoma vitabu vinene tangu nije huku. Katika vyote sijakuta maelezo ya mgonjwa yaliyopangwa vizuri kama hayo. Nilifungua mizigo. Binamu yake Baba akasafiri peke yake.

Lakini nilikuwa na barua mkononi na bado sikuweza kumwuliza. Ningeanzaje? Nilimketisha Baba kwenye benchi la hospitali, nikaenda wodini kumtafuta Bwana Maganga, muuguzi wa wanaume, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu. Nikamweleza. Akafuta mikono, akaja. Alipomwona Baba pale kwenye benchi na koti lake, akasimama mbali.

"Nani amemruhusu Mfipa huyu kuingia mjini na radi zake za kurushia watu? Mzee, umeziacha mlangoni au ziko mfukoni?"

Baba, ambaye hakuwa amecheka tangu ashuke treni, akainua kichwa. "Mnyamwezi, njoo unibebee mzigo wangu. Si ndiyo kazi ya babu zenu wa misafara?"

"Nitaubeba. Niambie kwanza ni mzigo gani. Nasikia umezuia maji huko chini kama mwenyekiti aliyefunga kisima."

Bwana Maganga akanigeukia. "Dada daktari, nenda kanywe chai." Nilitoka mpaka barazani, lakini madirisha ya hospitali hayana adabu, nikasikia.

"Haya, mzee wa radi. Ni mvua ya masika au ni bomba la mjini?"

"Bomba la mjini."

"Bomba la mjini siku hizi halitoi kitu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Unasimama, unangoja, linakohoa, unapata tone."

"Na rangi?"

Kisha Baba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mara mbili imekuwa nyekundu. Na kiuno, mtani, kiuno hiki kinanitafuna mchana na usiku."

Alimwambia yote, Mama. Mambo aliyoficha mwaka mzima aliyatoa kwa kipindi cha kikombe kimoja cha chai, kwa sababu aliyeuliza alikuwa na haki ya kumtania.

Walimpima. Chini ya kibofu wanaume wana tezi ndogo, sisi hatuna. Ya Baba imekuwa kubwa na ngumu kama kokwa la embe. Picha ya mifupa ikaonyesha kuwa ugonjwa umeshaanza kugusa uti wa mgongo. Ni saratani. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu nawe huwa huniandalii maneno laini.

Mwalimu wetu aliposhika picha ile aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Mimi nisingeitafuta." Akanieleza kwamba akimwona mtu mwenye kifua kama kile, na uanaume wake umenywea kwa ugonjwa wa miguu, hudhani tezi hiyo nayo imelala, haiwezi kuleta balaa. Maumivu ya kiuno angeyahesabu kwenye misuli, na mkojo angeuhesabu kwenye neva. Akauliza nani aliyetenganisha. Nikamwonyesha karatasi yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza wewe ni muuguzi wa wapi.

Nilisema, "Ni mkulima wa Mollo. Amejua kusoma mwaka huu."

Juzi mwalimu aliomba ruhusa ya Baba awaonyeshe wanafunzi. Nilimwambia Baba anaweza kukataa, na moyoni nilitaka akatae. Ukumbi ulijaa. Wenzangu wote walikuwepo, wengine wana wa wakubwa. Walimleta kwa kiti cha magurudumu, na koti lake. Mwalimu alipomwomba avue, alinitafuta kwa macho, nikaangalia chini, kama inavyopasa. Nikasikia vifungo. Alivifungua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa vidole vile vinavyotetemeka, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Mwanafunzi mmoja akaguna. Baba akamsikia.

"Wewe unayeguna, unalima?"

"Hapana, mzee."

"Mimi ninalima. Miguu ilipogoma, nilikaa juu ya gunia, nikafukia majani na kuinua matuta nikiwa nimekaa, nikisogea. Kijiji kilinipa sehemu ya shamba kama wengine, nikaimaliza. Wakaniita kupe kwa sababu nilimaliza wa mwisho. Tazameni vizuri, basi. Mkimkuta mwingine kama mimi msimwite mvivu. Na msiseme ni ugonjwa uleule. Mke wangu alisema ni mawili, nikamficha barua yake siku kumi na moja. Andikeni hilo."

Wakaandika, Mama. Niliona kalamu zote zikienda. Mimi sikuweza, macho yalikuwa yamejaa. Nimekuwa na aibu ya lile koti tangu utotoni. Nilikuwa nikitembea hatua mbili mbele yake tukienda misa mjini. Pale ukumbini nilitaka niinuke niwaambie wote kwamba mtu yule ni wangu.

Sasa jambo lenyewe. Saratani hii inalishwa na kile kinachotoka katika korodani. Kwa hiyo dawa yake ni kuziondoa. Nimekaa na kalamu hewani muda mrefu kabla ya kuandika sentensi hiyo, maana binti haandiki hivyo kuhusu baba yake, lakini hakuna mwingine wa kukuandikia. Upasuaji wenyewe si mkubwa. Huenda maumivu ya kiuno yakapungua upesi, na akapata miaka zaidi ya kuishi. Asipopasuliwa, uti wa mgongo utabanwa, na hata kule kukaa juu ya gunia kutakwisha, kisha yeye mwenyewe. Miguu haitapona kwa vyovyote. Huo ni ugonjwa wa kwanza, utaendelea na mwendo wake. Mwalimu hana hakika misuli yake itaupokeaje upasuaji, kwa kuwa hajapata kumtibu mtu mwenye yote mawili. Hilo alilisema wazi. Anaweza kusubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi.

Bwana Maganga ndiye aliyemweleza Baba. Baba alifikiri siku nzima. Jioni akaniita, akazungumza akitazama ukuta.

"Mwandikie mama yako. Mwambie mimi siogopi kisu. Ila kitu hicho si changu peke yangu. Nilikwenda nacho kwa wazazi wake, nikapewa binti. Siwezi kukitoa kwa watu wengine bila kumwambia."

Nikamwambia, "Baba, Mama atasema ndiyo."

"Usimsemee. Mara ya mwisho ulipomsemea ulikosea."

Kwa hiyo sikusemei. Ungeniuliza mimi ningesema wampasue kesho, na ningeshika taa mwenyewe. Lakini si mwili wangu wala si ndoa yangu.

Nisalimie Deusi, mwambie nangoja habari ya mahari. Nisalimie Shangazi, na aache kuwafukuza kuku wako. Msalimie katekista, naye mwambie sina kinyongo, amenifikishia sauti yangu miaka mingi. Mwalimu wako wa kisomo mpelekee kikapu cha maharage kutoka kwangu, nitalipa nikija likizo. Hata mwenyekiti wa kijiji, na wenzake waliomwita Baba kupe, msalimie. Sina cha kuongeza kwake.

Jibu liandike kwa Baba. Mwambie unalotaka kumwambia, ndiyo au hapana au lile lililo katikati, kwa maneno yenu. Mpe Mzee Salumu, lori lake linatoka kila Alhamisi, na dereva atamkabidhi mtu wa treni kule Tunduma. Juu ya bahasha weka jina langu, maana posta na wodi wananijua mimi. Nitaipeleka mpaka kitandani na kumpa mkononi, ikiwa imefungwa. Sitaisoma, Mama.

Ni mimi mtoto wako,
Skolastika